Maswali ya Wasomaji: Buluu Inayokimbia Majini, Filamu Zinazokwenda Mbio na Mkanda Unaonuka Siki

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: kamera ilivyotoka kuwa chombo cha kunakili na kuwa chombo cha sanaa, na namna ya kujaribu njia hizo za zamani kwa mikono yako mwenyewe. Tunaanza na ubishi, kisha tunaingia kwenye dawa, fremu na nyaya.

SWALI: Rafiki yangu mchoraji hushikilia kwamba picha ya kamera si sanaa, kwa kuwa kazi yote hufanywa na mashine. Ubishi huu uliamuliwa lini?

JIBU: Mahakamani uliamuliwa mapema kuliko kwenye majumba ya sanaa. Njia ya Daguerre, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, iliyotangazwa Ufaransa mwaka 1839, ilitoa picha moja tu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha; hapakuwa na nakala ya pili. Talbot wa Uingereza ndiye aliyeleta negativu ya karatasi, yaani picha iliyogeuzwa, nyeupe ikiwa nyeusi, ambayo huchapwa nakala nyingi, na kuanzia hapo kazi ikawa na sehemu mbili, kupiga na kuchapa. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyowapa wapiga picha uwanja. Mwaka 1857 mpiga picha Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30 katika picha moja kubwa, na mwaka uliofuata Henry Peach Robinson akatumia tano kutengeneza tukio la msichana anayekata roho nyumbani kwao. Mshairi wa Ufaransa Baudelaire hakuona cha kusifu: mwaka 1859 aliandika kwamba upigaji picha ubaki mtumishi wa sayansi na sanaa, basi.

Miaka mitatu baadaye, 1862, mahakama ya Ufaransa ilikubali kwamba picha inaweza kulindwa kama kazi ya sanaa. Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani ilifika hapo hapo katika kesi ya mpiga picha Sarony, aliyekuwa amempiga picha Oscar Wilde. Sababu walizotoa majaji ndizo silaha yako kwa huyo rafiki: ni Sarony aliyemweka Wilde katika mkao ule, aliyepanga mavazi, mapazia na vitu vingine, na aliyeamua mwanga uangukie wapi na kivuli wapi. Mashine haikuchagua hata kimoja.

Majumba ya sanaa yalijikokota. Mpiga picha Stieglitz alianzisha Photo-Secession, kundi la kutetea picha kama sanaa, mjini New York mwaka 1902, lakini Museum of Modern Art ya mji huo huo haikuwa na idara ya picha hadi 1940, na ilipotundika picha za rangi za Mmarekani Eggleston mwaka 1976 wakosoaji wengi walikasirika. Mfano unaotuvutia zaidi ni wa Seydou Keïta. Alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948 na kuwapiga wateja kwa mwanga wa jua, nyuma yao kitambaa chenye nakshi kilichogombana au kupatana na nguo zao. Zilikuwa picha za kupeleka nyumbani. Miaka ya 1990 zikatundikwa kwenye kuta za majumba makubwa ya Ulaya na Marekani. Negativu zilikuwa zile zile. Walioongezeka ni watazamaji wenye macho.

SWALI: Nimesoma kwamba wapiga picha Ansel Adams, Edward Weston na wenzao walijiita f/64 kwa sababu walifunga tundu la lenzi hadi namba hiyo ili kila kitu kionekane wazi. Mimi nikifunga langu hadi f/22 picha inazidi kufifia makali. Nakosea wapi?

JIBU: Hukosei kitu, ila umeazima namba ya kamera isiyo yako. Kundi hilo, lililoonyesha kazi zake San Francisco mwaka 1932, lilitumia kamera kubwa za stendi, nyingi zenye negativu ya inchi 8 kwa 10. Negativu hiyo iliwekwa moja kwa moja juu ya karatasi ikachapwa kwa ukubwa wake, bila kukuzwa.

Namba ya f/ ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na kila nukta ya mandhari hugeuka kijiduara. Kwa f/64 kijiduara hicho kina upana wa karibu milimita 0.09. Kwenye picha ya inchi 8 kwa 10 iliyochapwa bila kukuzwa, jicho halikioni. Kwenye sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera ya kidijitali) yenye upana wa milimita 36 vijiduara kama hivyo vinaenea 400 na kidogo tu toka ukingo hadi ukingo, na picha hiyo bado utaikuza mara kumi. Kwa f/22 hali ni nafuu mara tatu, lakini bado inaonekana. Kwa sensa ya ukubwa huo ishia f/8 au f/11. Kama kina cha uwazi, yaani umbali wa mbele hadi nyuma unaoonekana wazi, hakitoshi, rudi nyuma kidogo, au piga picha mbili, moja ukilenga kilicho karibu na nyingine kilicho mbali, uziunganishe. Kamera nyingi za simu hazina tundu la kufunga. Humo f/ iliyoandikwa ni moja na haibadiliki.

SWALI: Nimejaribu sayanotaipu, zile picha za buluu za jua, kwa karatasi ya printa. Karatasi inapata rangi vizuri juani, lakini nikiitia majini karibu buluu yote inaondoka. Naomba vipimo sahihi na sababu.

JIBU: Sababu zinaweza kuwa mbili, na pengine unazo zote: muda mfupi juani, na karatasi yenyewe.

Vipimo kwanza. Chupa ya kwanza: gramu 25 za amoniamu feri sitrati ya kijani katika mililita 100 za maji. Chupa ya pili: gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 za maji. Tumia maji yaliyochujwa kemikali, kama yale safi ya kuongezea betri (si asidi yake). Chupa ziwe za rangi nzito, kila moja na kifuniko chake. Zikiwa mbalimbali hukaa miezi. Zikishachanganywa hudumu saa chache tu. Chupa ya kwanza huota ukungu juu, nao hauiharibu: uchuje kwa kitambaa uendelee. Vaa glavu, na kamwe usiichanganye ya pili na asidi kali wala kuipasha moto, kwani hutoa gesi ya sumu.

Katika chumba chenye balbu hafifu ya manjano, changanya kiasi sawa cha chupa zote mbili. Karatasi ya A4 inahitaji mililita 3 hadi 4. Paka kwa brashi laini isiyo na chuma, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana, kisha acha. Dawa ikituama na kung'aa juu ya karatasi umezidisha. Tabaka hilo halitashika popote na litaondoka majini na buluu yake. Anika gizani hadi ikauke kabisa. Inatakiwa iwe na rangi ya manjano yenye ukijani. Ikiwa tayari ni ya kibuluu kabla ya kuiona jua, imeonja mwanga au dawa imezeeka, na sehemu nyeupe hazitakuwa nyeupe tena.

Juu yake weka jani, lesi au negativu iliyochapwa kwenye plastiki angavu, ubane kwa kioo. Anna Atkins alifanya hivyo hivyo kwa miani ya baharini tangu 1843, mwaka mmoja tu baada ya mwanasayansi Herschel kuvumbua njia hii.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwanga hubadilisha chuma kilichomo kwenye dawa ya kwanza, nacho hushikana na dawa ya pili kutengeneza buluu isiyoyeyuka majini. Palipokosa mwanga dawa hubaki ya kuyeyuka, na hiyo ndiyo inayotakiwa ioshwe. Lakini buluu ya dakika za mwanzo hukaa juu juu tu. Usitoe karatasi inapofikia rangi unayoipenda. Subiri sehemu zilizo wazi kabisa zipite buluu, zigeuke kijivu chenye mng'ao wa shaba, kana kwamba zinarudi nyuma. Kwa jua kali la mchana ni dakika 5 hadi 15. Kukiwa na mawingu inaweza kupita nusu saa. Ukitaka kuwa na hakika, tengeneza kipande cha majaribio: funika karatasi kwa kadi, uisogeze kila baada ya dakika mbili, kisha osha uone ngazi ipi iliyobaki.

Osha kwa maji yanayotiririka polepole, dakika 5 hadi 10, hadi manjano yote yaondoke kwenye sehemu nyeupe. Kijiko cha siki katika beseni la kwanza husaidia kutunza rangi za kati. Buluu hukolea yenyewe ikikauka, kwa muda wa siku moja. Kijiko cha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 katika lita moja ya maji kitaikoleza papo hapo, lakini hakiongezi kitu ambacho hewa isingeongeza.

Sasa karatasi. Karatasi nyingi za printa hutiwa chokaa ili zisigeuke manjano, na chokaa ni adui wa buluu hii. Tafuta karatasi ya rangi za maji iliyoandikwa kuwa haina kinga ya alkali (yaani haikutiwa chokaa), yenye uzito wa gramu 200 au zaidi ili isichanike majini. Kwa sababu hiyo hiyo usiifue picha ya buluu kwa sabuni yenye magadi. Ikififia kwa kutundikwa penye jua, ifungie gizani siku kadhaa. Sehemu kubwa ya rangi hurudi.

SWALI: Kwa nini watu katika filamu za kale zisizo na sauti hutembea kama wanafukuzwa? Naweza kuzirekebisha kwenye programu ya kuhariri?

JIBU: Wakati huo kamera ilizungushwa kwa mkono. Mpini ukizungushwa mara moja hupitisha fremu (picha moja moja za filamu) 8, na mizunguko miwili kwa sekunde ndiyo fremu 16. Filamu za ndugu Lumière, zilizoonyeshwa kwa watazamaji waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, zina mwendo wa jirani na huo, kila moja ikiwa ya chini ya dakika moja. Katika miaka ya 1920 mwendo ulipanda hadi 20 na zaidi, bila kanuni moja. Sauti ndiyo iliyoleta nidhamu: sikio hugundua mara moja sauti inayopanda na kushuka, kwa hiyo mwishoni mwa miaka hiyo mwendo ukafungwa kwenye fremu 24. Filamu ya fremu 16 ikipitishwa kwa 24 inakwenda mara moja na nusu ya mwendo wake.

Usiamini kuwa kila filamu ya kimya ni ya 16. Tafuta kitu kinachoanguka. Kikombe kinachodondoka kutoka meza ya sentimita 75 hufika chini kwa sekunde 0.39, popote duniani. Hesabu fremu: kama ni 6, ilipigwa kwa 16, kama ni 8, kwa 20, kama ni 9, kwa 24. Pasipo na kikombe tazama moshi, maji, au sketi inavyotulia baada ya mtu kusimama. Vichekesho vya kukimbizana usivitumie kupimia, kwani mara nyingi mpiga kamera alizungusha polepole makusudi ili vionyeshwe kwa kasi.

Ukishajua, weka kasi ya kipande kuwa asilimia 67 kwa filamu ya 16, asilimia 75 kwa ya 18, au asilimia 83 kwa ya 20. Programu itakuuliza ifanyeje kujaza fremu zinazopungua. Chagua irudie fremu. Ikizichanganya, kila mkono utakuwa na kivuli chake, na ikibuni fremu mpya vidole huyeyuka. Kwa 16 kila fremu ya pili itarudiwa, na kuna mtikisiko mdogo ambao jicho hulizoea baada ya dakika moja.

Wazee wa projekta walikuwa na hila yao dhidi ya kumetameta. Kwa fremu 16 waliweka kizuizi cha mapanga matatu kilichokata mwanga mara tatu kwa kila fremu, mimweko 48 kwa sekunde. Kwa fremu 24 mapanga mawili yanatosha kufika 48 ile ile.

SWALI: Mwalimu wetu alitaja jaribio la Kuleshov. Tunaweza kulifanya kwa simu?

JIBU: Mnaweza, na ni zoezi bora kuliko mihadhara kumi. Lev Kuleshov, mwalimu wa filamu wa Urusi ya Kisovieti, aliunganisha uso ule ule wa mwigizaji Mozzhukhin na vitu tofauti. Masimulizi hayalingani kuhusu vitu vyote, ila bakuli la supu na maiti hutajwa sana. Watazamaji wakaona njaa, wakaona huzuni, katika uso usiobadilika.

Funga mwanga na fokasi ya simu ili visijibadilishe. Mwekeni mtu karibu na dirisha, atazame pembeni kidogo ya lenzi kwa sekunde 20, akihesabu moyoni kurudi nyuma kutoka 50. Akipewa hisia ya kuigiza, jaribio limekufa. Kisha pigeni sahani ya chakula, kitanda kitupu kilichotandikwa, na mtoto anayecheza, kamera ikiwa mahali ambapo macho yake yangekuwa: kama aliangalia chini, nanyi piga kutoka juu. Mwanga utoke upande ule ule. Uso sekunde 3, kitu sekunde 3, uso tena sekunde 3, na kipande cha uso kiwe kile kile katika matoleo yote. Msitie muziki, maana muziki utajibu kabla ya uhariri.

Onyesheni kila toleo kwa watu tofauti na muulize, “Anafikiri nini?” Atakayeona matoleo mawili atagundua hila. Mkipata majibu ya “hafikiri chochote”, chunguzeni macho kwanza. Mara nyingi mtazamo na kitu havikukutana.

SWALI: Filamu na video si kitu kimoja? Kwa nini watu husema “sanaa ya video” kama kitu cha pekee?

JIBU: Kwa mtazamaji wa leo tofauti imekwisha karibu yote. Kwa msanii wa mwaka 1970 ilikuwa kama tofauti ya barua na simu. Filamu ilihitaji kusafishwa kwa dawa kabla ya kuonekana. Video ni umeme, na picha iko kwenye kioo wakati ule ule inapopigwa. Msanii Nam June Paik alionyesha runinga alizozichokonoa huko Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1963, kabla hata ya wasanii kuwa na kinasa cha kubeba. Mwaka 1967 Sony ikatoa Portapak, kamera na kinasa ambacho mtu mmoja aliweza kutembea nacho, kwa mkanda wa nusu inchi wa takriban dakika 20, picha nyeusi na nyeupe. Kukata na kuunganisha mkanda huo kulikuwa kazi ya kuchosha yenye matokeo mabaya, na hiyo ni sababu mojawapo ya kazi nyingi za mwanzo kuwa shoti moja ndefu. Wengine waligeuza ubovu kuwa mtindo: msanii Joan Jonas, mwaka 1972, alijenga kazi nzima juu ya ile hitilafu ya picha kupanda na kuruka kwenye runinga.

Ukitaka kuonja tofauti hiyo, tengeneza mwangwi wa picha. Unganisha kamera na runinga kwa waya ili runinga ionyeshe kinachoonwa na kamera, kisha ielekeze kamera kwenye runinga hiyo hiyo. Zima taa. Kamera ikae kwenye stendi, mita moja na nusu hivi, na kingo za runinga ziguse kingo za fremu. Utaona handaki. Inamishe kamera pembeni nyuzi 10, na handaki litaanza kujisokota; kwa nyuzi 45 huchanua kama ua. Washa na uzime tochi mara moja mbele ya kioo, mwanga huo utaendelea kuzunguka wenyewe.

Kioo kikiwa cheupe chote, punguza mwanga wa kamera kwanza, kisha ule wa runinga. Kikizama gizani, ongeza kidogo kidogo. Sehemu yenye uhai ni nyembamba sana, na kazi yenyewe ni kutembea juu ya ukingo huo. Kamera isijirekebishe yenyewe, la sivyo picha itapumua badala ya kuchanua. Runinga za kisasa huchelewesha picha, hivyo mwendo huwa mzito. Iweke kwenye hali ya michezo ya kompyuta, ambayo hupunguza ucheleweshaji.

SWALI: Video zangu za ndani zina mistari myeusi inayopanda.

JIBU: Ni taa. Penye umeme wa hezi 50 zinamweka mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo weka shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 au 1/100 ya sekunde. Penye hezi 60, weka 1/60 au 1/120. Mistari ikibaki, taa ni ya LED yenye kipunguza mwanga. Ipandishe hadi mwisho.

SWALI: Nimerithi filamu za milimita 16 na baadhi zinanuka siki. Nizioshe?

JIBU: Hapana. Harufu hiyo ni ya plastiki ya asetati inayooza na kutoa asidi ile ile iliyo kwenye siki, na asidi hiyo huharakisha uozo zaidi. Haurudi nyuma, ila hupungua kasi kwenye ubaridi na ukavu. Zitenge zinazonuka na zisizonuka. Zitoe kwenye makopo ya chuma yaliyofungwa kabisa, uziweke kwenye masanduku yenye matundu, mahali penye unyevu wa asilimia 30 hadi 50. Usizipitishe kwenye projekta: filamu iliyooza husinyaa, na ikisinyaa kupita asilimia 1 matundu yake hayalingani tena na meno ya mtambo, yatachanika. Mpe mtaalamu aziskani kwa mtambo usio na meno, akianza na zinazonuka zaidi.

Ukikuta humo za milimita 35 zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1950, simama. Zinaweza kuwa za naitreti, ambayo ikishika moto haizimiki hata ikizamishwa majini. Usizipashe joto wala kuzikata kwa majaribio; wasiliana na hifadhi ya filamu kabla ya kuzisogeza.